Goma: Kompresa ndogo yapaka gari rangi nyumbani, lakini ni nani anayevuta ukungu wake?

GOMA – Mlango uliokwaruzwa na pikipiki, bampa iliyopasukia kwenye jiwe la volkano, kapo iliyoanza kushika kutu. Hizi ni kazi ndogo ndogo ambazo kila mwenye gari mjini Goma anazifahamu. Kwa kazi kama hizo si lazima gari lilale garaji wiki nzima. Fundi anaweza kufika nyumbani na kompresa ya lita 24 au 50, pistole ya rangi na mikebe michache, na jioni mlango ukawa unang'aa.

Kazi hiyo inawezekana, na ikifanywa kwa utaratibu, mtu anayepita barabarani hawezi kuitofautisha na ile ya garaji lenye chumba maalum. Lakini ina masharti mawili. La kwanza ni kujua pumzi ya mashine, kwa sababu kompresa ndogo ina hewa ya dakika moja au mbili tu. La pili ni kulinda pumzi ya watu. Verni ya kisasa ya magari, ile inayochanganywa na dawa ya kuikausha, ina kemikali inayoweza kumwachia fundi ugonjwa wa pumu kwa maisha yake yote. Sharti la kwanza, fundi hujifunza kazini, kwa sababu rangi ikiharibika mteja anarudi. La pili, wengi hulijua wakati kifua kimeshaanza kubana.

Kwa nini uani?

Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Volkano hiyo ilimwaga lava mjini Januari 2002, na Mei 22, 2021 ilitoka tena na kufika pembezoni mwa mji upande wa kaskazini. Barabara nyingi za ndani ya mitaa, kuanzia Ndosho hadi Majengo, bado ni mawe meusi yenye makali. Ongeza hapo pikipiki zinazopenya kila upande na chukudu zilizobeba magunia ya makala, na utaelewa kwa nini milango na bampa hazidumu.

Magari yenyewe mengi yameshatumika kabla ya kufika hapa. Yanatoka Japani, yanashushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam, na mengi yana usukani upande wa kulia ingawa Congo inaendesha upande wa kulia wa barabara. Rangi yake imeshapigwa na jua la nchi mbili au tatu. Na hapa kwetu hata mvua si rafiki: gesi ya salfa inayotoka Nyiragongo ikikutana na mvua, maji hupata asidi. Wakaaji wanaona matokeo kwenye mabati ya nyumba zao. Bodi ya gari iliyokwaruzwa hadi kwenye chuma haina kinga bora kuliko bati.

Halafu kuna suala la pesa. Tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na pesa taslimu zikawa adimu. Mwenye taksi hawezi kulipa kupaka gari zima kwa mara moja. Atalipa mlango leo, na kapo mwezi ujao. Kazi ya kipande kimoja kimoja ndiyo hasa kazi ya kompresa ndogo.

Hesabu ya hewa

Watu wengi wanaponunua kompresa huangalia ukubwa wa tangi na nguvu ya moteri. Kitu muhimu zaidi ni kiasi cha hewa inachotoa kwa dakika, na kile ambacho pistole inakula kwa dakika.

Chukua kompresa ya kawaida ya lita 50 inayojaa hadi bari 8. Pistole inapuliza vizuri mpaka tangi linaposhuka hadi bari 3 hivi. Tofauti ni bari 5, na ukizizidisha kwa lita 50 unapata lita 250 za hewa ya akiba. Pistole ya kawaida ya gari inaweza kula lita 250 kwa dakika. Kompresa yenye moteri ya farasi 2, hata kama kwenye karatasi imeandikwa lita 200, mara nyingi inatoa kwa kweli kama lita 120 tu, kwa sababu namba iliyoandikwa ni ya hewa inayovutwa, si ile inayofika kwenye pistole.

Kwa hiyo kila dakika unakosa lita 130. Akiba ya lita 250 itaisha kwa dakika mbili pungufu kidogo. Kwa kompresa ya lita 24, akiba ni lita 120, na itakwisha kabla ya dakika moja kutimia. Baada ya hapo hewa inalegea, rangi inatoka kwa matone makubwa, na uso wa mlango unakuwa kama ganda la chungwa.

Habari njema ni kwamba tabaka moja la rangi kwenye mlango linachukua kama dakika moja. Na kati ya tabaka moja na jingine, rangi yenyewe inataka ipumzike dakika 10 hadi 15 ili dilian ipae. Katika muda huohuo tangi linajaa tena na moteri inapoa. Yaani muda ambao rangi inauhitaji ndio uleule ambao mashine ndogo inauhitaji. Fundi anayeharakisha hupoteza vyote viwili.

Kanuni ni rahisi. Anza kila tabaka tangi likiwa limejaa. Piga tabaka moja, simama. Usipige milango miwili kwa mfululizo. Kapo ni kubwa kuliko mlango, hivyo inataka kompresa ya lita 50 au pistole inayokula hewa kidogo. Paa la gari ni kazi ngumu zaidi, na mwenye kompresa ya lita 24 afadhali aiache. Madukani kuna pistole ndogo zenye sindano ya milimita 0.8 au 1 zinazokula hewa kidogo zaidi. Zinafaa sana kwa mikwaruzo na pembe za bampa, na kwa kompresa ndogo ni bora kuliko pistole kubwa ya bei.

Mlima, umeme na jenereta

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi. Msukumo wake ni takriban asilimia 85 ya ule wa Mombasa. Kila mara pampu inapovuta, inapata hewa pungufu, na tangi linachelewa kujaa. Hesabu tuliyofanya hapo juu, kwa Goma, inapungua tena kidogo.

Jenereta ya petroli nayo inaumia. Injini isiyo na hewa ya kutosha hupoteza nguvu, na katika urefu huu inaweza kupoteza kama asilimia 15. Moteri ya kompresa inapowaka kwa mara ya kwanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikiwa inazunguka. Ndiyo maana jenereta ndogo inayowasha taa, televisheni na friji bila shida inazimika pale kompresa inapobonyezwa. Wanaojua kazi huwasha kompresa tangi likiwa tupu kabisa, na hawaunganishi kitu kingine chochote.

Umeme wa mji una historia yake. Kando ya SNEL, Goma ina umeme wa Virunga unaotoka kwenye mito ya Rutshuru, ambako kituo cha Matebe kilizinduliwa mwaka 2015, na tangu mwaka 2020 kuna umeme wa jua wa kampuni ya Nuru huko Ndosho. Lakini wakaaji hawajasahau siku za mwishoni mwa Januari 2025 ambapo umeme na maji vilikatika kwa pamoja. Umeme ukikatika katikati ya tabaka la verni, fundi hana dakika za kusubiri. Kwa hiyo tangi lijazwe kabla ya kufungua mkebe wa verni, na valvu ifungwe. Hewa iliyomo ndani inaweza kusaidia kumaliza tabaka hata kama moto umeondoka.

Kuna kosa jingine la umeme linaloua moteri: kutumia waya mrefu na mwembamba wa kuvutia umeme kutoka nyumba ya jirani. Umeme unafika ukiwa dhaifu, moteri inanguruma bila kuzunguka, inaungua. Afadhali waya uwe mfupi na mpira wa hewa uwe mrefu.

Maji ndani ya hewa, vumbi nje

Hewa ya Goma, mji ulio kando ya Ziwa Kivu, ina unyevu, na kompresa inauminya unyevu huo ukawa maji. Maji hayo hukaa chini ya tangi. Yakipanda kwenye mpira, hutua kwenye rangi na kuacha vidoto vidogo kama macho ya samaki. Fundi ataosha, atapiga msasa, na kuanza upya kwa gharama yake.

Dawa yake si ghali. Chini ya tangi kuna bizimu ya kutoa maji. Ifunguliwe kila siku ya kazi, na tena katikati ya kazi wakati wa mvua. Kichujio cha maji kisifungwe pale pale kwenye tangi, kwa sababu hewa bado ni moto na maji bado ni mvuke. Kifungwe baada ya mita kadhaa za mpira, hewa ikiwa imeshapoa. Mpira wa mita 10 unasaidia kwa hilo, na pia unaruhusu kompresa ikae mbali na dilian.

Kumwaga maji ya tangi kuna sababu nyingine kubwa zaidi. Maji yanakula chuma kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayeona. Tangi lililooza linaweza kupasuka likiwa na bari 8, na vipande vyake hupaa kama vya bomu. Tangi linalovuja hewa au lililochomelewa kiraka lisitumike, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa. Valvu ya usalama isizibwe kamwe.

Vumbi la Goma ni tatizo jingine. Mchanga mweusi wa volkano ni mgumu na una makali, na msimu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, kila gari linalopita linaurusha. Saa nzuri ni asubuhi baada ya umande kukauka, kati ya saa tatu na saa tano, kabla upepo wa mchana na mvua ya alasiri havijaanza. Uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kazi. Maji yaliyotumika kuosha gari yanatosha.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Rangi nzuri hutengenezwa kabla ya pistole kushikwa. Mlango uoshwe kwa sabuni, ukaushwe, kisha upanguswe kwa dilian au kiondoa mafuta. Mafuta ya mkono tu yanatosha kuifanya rangi ibanduke.

Mahali palipobonyea, tolie ananyoosha chuma kwanza. Mastiki si ya kujaza shimo. Ni ya kusawazisha, na isizidi milimita 2 au 3. Ikizidi hapo, itapasuka kwa mitikisiko ya barabara zetu. Inapigwa msasa wa namba 80, halafu 180, halafu 320. Ukipitisha kiganja juu yake macho yakiwa yamefumbwa, usihisi mahali mastiki inapoanzia.

Baada ya hapo ni apre, rangi ya chini inayoshika chuma na kuziba matundu ya mastiki. Hiyo inataka sindano kubwa ya pistole, milimita 1.7 hivi. Ikikauka inapigwa msasa wa maji wa namba 600 au 800. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanaruka, na hapa ndipo mistari ya msasa inapojitokeza wiki mbili baadaye.

Rangi yenyewe inapigwa kwa sindano ya milimita 1.3 au 1.4, msukumo wa bari 2 hivi kwenye pistole, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Mkono uende sambamba na mlango, usizunguke kama mtu anayefagia. Kila mpigo ufunike nusu ya ule uliotangulia. Pistole ifunguliwe kabla ya kufika kwenye mlango na ifungwe baada ya kuupita. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito inayotiririka. Kwa mlango mmoja, nusu lita ya rangi iliyokwisha kuchanganywa kwa kawaida inatosha, na kiasi kama hicho cha verni.

Rangi ifanane vipi na gari? Usiende dukani na kusema unataka nyeupe ya Toyota. Gari lina namba ya rangi yake kwenye kibati kilicho chini ya kapo au kwenye nguzo ya mlango. Kwenye Toyota, itafute pembeni ya herufi C/TR. Namba 040 ni ile nyeupe inayoonekana kwenye magari mengi, 202 ni nyeusi, 1F7 ni rangi ya fedha. Nyeupe ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Rangi ya fedha ni ngumu, kwa sababu ina chembe zinazong'aa ambazo hulala tofauti kulingana na mkono na msukumo wa hewa. Mlango mmoja wa rangi ya fedha uliopigwa peke yake mara nyingi hujulikana kutoka mbali. Mafundi wazuri huivuta rangi kidogo hadi kwenye kipande cha jirani, kisha wakavifunika vyote viwili kwa verni.

Kinachomdhuru fundi

Verni ya magari ya kisasa huja katika mikebe miwili: verni yenyewe, na kikaushio ambacho kwenye mkebe kimeandikwa durcisseur au hardener. Ndani ya kikaushio hicho kuna kemikali ziitwazo isosianati. Ndizo zinazoifanya verni iwe ngumu na istahimili petroli na jua. Lakini zikipulizwa kwa pistole huwa ukungu mwembamba, na ukungu huo huingia hadi chini kabisa ya mapafu.

Isosianati haiui siku hiyohiyo. Inaufundisha mwili kuichukia. Mtu anaweza kupiga verni miezi au miaka bila tatizo, kisha siku moja anaanza kukohoa usiku, kifua kinabana, anapumua kwa mluzi. Kuanzia hapo, hata kiasi kidogo sana kinaweza kumletea shambulio la pumu, na mara nyingine shambulio hilo huua. Hakuna dawa ya kuufanya mwili usahau. Fundi aliyefikia hapo analazimika kuiacha kazi ya verni, hata kama ni yeye anayelipa karo ya watoto.

Nchini Uingereza, mamlaka ya usalama kazini, HSE, inasema wapaka rangi wa magari wana hatari ya kupata pumu mara 80 zaidi ya wafanyakazi wengine wa nchi hiyo. Na hao wana vyumba vyenye feni na barakoa zinazoletewa hewa safi kwa mpira. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 24, 2023, mtu hawezi kutumia kikazi bidhaa zenye kemikali hizo kupita kiwango kilichowekwa kabla ya kupata mafunzo. Nalo shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka kazi ya upakaji rangi kwenye kundi la kazi zinazojulikana kusababisha saratani.

Pistole ya rangi yenyewe ina asili ya kushangaza. Huko Toledo, Marekani, daktari Allen DeVilbiss alitengeneza chombo cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa. Mwaka 1907 mwanawe Thomas alikigeuza kikawa cha kupulizia rangi. Chombo kilichobuniwa kutibu koo ndicho leo kinachopeleka sumu humohumo, kama mtu hajajikinga.

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii isosianati. Barakoa ya vumbi au ile ya wakati wa korona haizuii mvuke. Maziwa, ambayo mafundi wengi hunywa baada ya kazi wakiamini yanasafisha kifua, huenda tumboni. Hayafiki kwenye mapafu. Na pua haiwezi kumwonya mtu, kwa sababu isosianati hudhuru kabla harufu yake haijasikika. Harufu kali ambayo watu huisikia ni ya dilian.

Tatizo la uani kuliko garaji

Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na zimekaribiana. Katika uwanja mmoja mna familia tatu au nne, mbabula iko nje inachemsha maharagi, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza. Ukungu wa rangi haubaki kwenye mlango wa gari. Unaingia dirishani, unatua kwenye nguo na kwenye sufuria.

Na hapa ndipo palipo na mgongano ambao kila fundi wa nyumbani anakutana nao. Ili vumbi lisiingie kwenye rangi, anazungusha shitingi pande zote. Akifanya hivyo, amejifungia ndani ya ukungu. Kinacholinda rangi ndicho kinachomuumiza yeye. Lakini kati ya madhara haya mawili, moja linarekebishika. Vumbi lililotua kwenye verni huondolewa siku inayofuata kwa msasa wa maji wa namba 2000 na dawa ya kung'arisha. Mapafu hayana msasa. Kwa hiyo shitingi izungushwe pande tatu tu, upande unaokwenda upepo ubaki wazi, na fundi asimame upepo ukiwa unatoka mgongoni au ubavuni mwake.

Moto ni hatari nyingine. Mvuke wa dilian ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji. Unaweza kufika kwenye mbabula iliyo upande wa pili wa uwanja na kurudi na moto hadi kwenye mkebe. Kabla ya kufungua dilian, kila mbabula izimwe, hakuna sigara, na kompresa iwekwe mbali upande wa upepo safi, kwa sababu swichi yake hutoa cheche kila inapowaka. Katika mtaa wa nyumba za mbao, moto wa mkebe mmoja hauishii kwenye parseli moja.

Nini kinawezekana kwa pesa ndogo

Garaji la Ulaya haliwezi kuhamishiwa Himbi wala Mabanga. Lakini kuna mambo ambayo fundi na mteja wanaweza kuyafanya kuanzia kazi inayofuata.

La kwanza ni kuchagua rangi. Rangi za selulosi na za akriliki zinazokauka zenyewe bila kikaushio hazina isosianati. Hazidumu kama verni ya mikebe miwili, zinataka kung'arishwa, na petroli inaziharibu. Bado dilian yake inalevya na inawaka. Lakini kwa mlango wa taksi utakaokwaruzwa tena kabla ya mwaka kwisha, zinatosha, na hazimwachii mtu pumu ya isosianati.

La pili ni barakoa halisi. Yenye makopo mawili ya makaa maalum, iliyoandikwa A2P3, na ambayo makopo yake yana mstari wa kahawia na mweupe. Hiyo ndiyo ya chini kabisa kwa verni yenye kikaushio, na ifanyiwe kazi mahali pa wazi. Lazima ishike uso vizuri; ndevu zinaipitisha hewa pembeni. Makopo yake yanaendelea kuvuta mvuke hata yakiwa yamening'inizwa ukutani, kwa hiyo baada ya kazi yafungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, na yabadilishwe mara kwa mara. Glavu na miwani pia vinahitajika, maana isosianati hupita hata kwenye ngozi. Msasa wa rangi ya zamani upigwe kwa maji, kwa sababu rangi kuukuu, hasa nyekundu na za manjano, zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

La tatu ni kuwatoa watu. Mlango, kapo na bampa vinafunguliwa kwa bizimu chache. Badala ya kuleta sumu kwenye uwanja wenye watoto, kipande kinaweza kupelekwa mahali palipo wazi, kikapakwa, kikarudishwa kesho yake. Barakoa isivuliwe mara tu pistole inapozimwa, kwa sababu ukungu usioonekana hubaki hewani kwa dakika kadhaa. Mwanafunzi asiye na barakoa asiwepo. Mara nyingi ni yeye, kijana wa miaka 15 anayeshikilia mpira, anayevuta mengi zaidi kuliko bwana wake.

La nne ni mafunzo. Sheria ya kazi ya Congo ya Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya ya anayemfanyia kazi. Barabarani sheria hiyo haina askari. Lakini mji una vituo vinavyofundisha kazi za mikono, vikiwemo INPP na Don Bosco Ngangi, na saa mbili za somo la isosianati zingemfikia kijana kabla hajashika pistole kwa mara ya kwanza.

Mwisho ni mteja. Anapojadiliana bei, huuliza rangi itadumu muda gani na itafanana vipi. Aulize pia fundi atavaa nini usoni na atapakia wapi. Akikubali bei iongezeke kidogo kwa ajili ya makopo ya barakoa, amelipia kitu ambacho hakitaonekana kwenye mlango wa gari lake. Lakini fundi huyo atakuwepo kapo itakapohitaji rangi, na atakuwa anapumua vizuri.